Kati ya Tingatinga na Ufunguo: Nani Hulipia Miaka ya Kusubiri?

Mwezi Machi 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua nyumba 656 katika eneo la Magomeni Kota, Dar es Salaam, zilizojengwa kwa ajili ya kaya 644 ambazo zilikuwa zimeondolewa hapo hapo takribani miaka kumi kabla. Habari iliyovuma ilikuwa ya maghorofa na funguo, na ilistahili kuvuma, kwa kuwa si kawaida katika miji yetu wapangaji wa kipato cha chini kuondolewa katikati ya jiji na kisha kurudishwa pale pale. Hesabu iliyonishughulisha mimi, hata hivyo, ni ya ile miaka kumi. Mtoto aliyeondoka Magomeni akiwa darasa la kwanza alirudi akisoma kidato cha nne, na mzee aliyeondoka akiwa na miaka sitini na mitano alirudi akiwa na sabini na mitano, ikiwa alijaliwa kurudi.

Tukumbuke ilivyokuwa. Kota zile zilikuwa nyumba za manispaa, zimechakaa, zimekaa juu ya ardhi ambayo thamani yake ilikuwa imeshazidi mbali thamani ya kuta na mabati yake. Magomeni iko kando ya Barabara ya Morogoro, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, na huduma ya mabasi yaendayo haraka ilipoanza mwaka 2016 ikipita Magomeni Mapipa, kila mwenye macho aliona kwamba kiwanja kile hakingeweza kubaki cha nyumba za chini. Wakati huo wakazi walikuwa wameshaondoka, nyumba zimeshavunjwa, na ujenzi ulioahidiwa haujaanza. Ilibidi Rais John Magufuli afike mwenyewe mwezi Oktoba 2016, aagize kwamba serikali ijenge kwa fedha zake kupitia Wakala wa Majengo Tanzania, na awaahidi wakazi wale kwamba wakirudi wataishi miaka mitano bila kulipa kodi. Kutoka ahadi hiyo hadi uzinduzi ilipita tena miaka zaidi ya mitano, na zaidi ya shilingi bilioni 50 zilitumika.

Sina ubishi na majengo yenyewe. Ninachobishia ni namna tunavyojadili kazi ya kuhuisha mitaa chakavu ya katikati ya jiji kana kwamba ina matukio mawili tu, siku ya kuvunja na siku ya kukabidhi. Kati ya tingatinga na ufunguo kuna kipindi ambacho hakimo katika mchoro wa msanifu, mara nyingi hakimo katika bajeti ya mradi, na hakimo kabisa katika hotuba za uzinduzi. Watu hula, hulala, husomesha na huzika katika kipindi hicho, na gharama yake hulipwa na mtu fulani. Nadhani ukitaka kujua kama mradi ni wa haki, utapata jibu haraka zaidi kwa kumtafuta mtu huyo kuliko kwa kuhesabu ghorofa.

Sheria zetu, kwa kweli, hazikuusahau muda huo. Kanuni za fidia zilizotungwa mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataka mtu anayetwaliwa ardhi yake alipwe, pamoja na thamani ya ardhi na jengo, posho ya makazi ambayo ni kodi ya soko ya mwezi mmoja mara 36. Mwenye biashara alipwe upotevu wa faida, nao ni faida halisi ya mwezi mmoja mara 36. Kuna posho ya usafiri pia, inayokokotolewa kwa mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Aliyeandika kanuni hizi alijua jambo ambalo wataalamu wa mipango miji hulisahau, kwamba mtu aliyehamishwa hachukui wiki mbili kusimama tena, huchukua kama miaka mitatu. (Kilomita 20 nazo zina hadithi yake: anayesukumwa nje ya Kariakoo siku hizi akaishia Chanika ameshaupita mpaka wa hesabu hiyo.)

Tatizo ni nani anaguswa na kanuni hizo. Zinamhusu mwenye haki juu ya ardhi inayotwaliwa, na katikati ya jiji wengi wa wanaoishi ni wapangaji. Pale Magomeni mwenye ardhi alikuwa manispaa yenyewe, na manispaa haiwezi kutwaa ardhi kutoka mikononi mwake ikajilipa fidia. Walichokuwa nacho wakazi ni majina yao katika orodha ya wapangaji. Na hata pale mpangaji anapopewa kifuta jasho cha kumwezesha kupanga kwingine, kiasi hicho hukadiriwa kwa muda uliotangazwa siku ya kuondoka. Muda uliotokea kweli hauna wa kuukadiria, kwa kuwa siku unapojulikana fedha zimeshakwisha na mgawaji ameshahamishiwa kituo kingine cha kazi.

Orodha hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo chombo chenye nguvu kuliko vyote katika mradi wa aina hii. Wa Magomeni walirudi kwa sababu walikuwa wameorodheshwa na kwa sababu waliishikilia orodha yao, wakaendelea kujitambulisha kama wakazi wa Kota hata walipokuwa wametawanyika. Lakini orodha humwandika mpangaji wa nyumba. Haimwandiki mpangaji wa mpangaji, yaani kijana aliyepewa chumba cha uani kwa malipo ya kila mwezi yasiyo na risiti. Haimwandiki mama lishe aliyekuwa akipika wali na maharage chini ya mwembe kwa ajili ya mafundi wa gereji ya jirani, wala kinyozi, wala muuza mkaa anayepima kwa kopo. Ukienda kwenye mtaa wowote uliopigwa alama ya X nyekundu ukaanza kuhesabu riziki badala ya milango, utapata idadi kubwa kuliko iliyoandikwa ofisi ya serikali ya mtaa.

Niliwahi kuwa upande huo wa ukuta. Nilipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili Kariakoo, ya ramani ile ile ambayo mtu wa Pwani anaweza kuichora akiwa amefumba macho: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, kisha uani kwenye jiko, kisima kilichofukiwa na choo kimoja. Tulikuwa kaya sita kwenye Luku moja, na ugomvi wa nani ana jokofu na nani ana taa tu ulikuwa haushi. Kwenye baraza alikaa fundi cherehani, mtu mzima tuliyemwita Mzee, ambaye hakulala pale ila alilipa kwa mwenye nyumba kila mwezi kwa ajili ya nafasi ya kuweka cherehani na kiti. Mwenye nyumba alipofariki, warithi walikaa, wakashindwa kuelewana, wakakubaliana jambo moja tu, kwamba waingie ubia na mtu wa kujenga ghorofa. Tulipewa miezi mitatu, na kwa desturi za Kariakoo huo ulikuwa ungwana.

Hesabu ya kuhama niliiweka kwenye kipande cha karatasi. Mwenye chumba kipya alitaka kodi ya miezi sita mkupuo. Dalali alitaka kodi ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo pesa ya kuzungushwa kuonyeshwa vyumba. Kirikuu cha kubebea vitu kilikuwa na bei yake, vijana wa kupakia bei yao. Kwa mtu mwenye kipato cha siku kwa siku huo ni mtaji mzima, unaotolewa kwa wiki moja, kwa ajili ya kufika pabaya zaidi kuliko ulipotoka. Mzee hakuwa na chumba cha kuhamisha, lakini ndiye aliyesema jambo lililobaki kichwani mwangu: alisema cherehani anaweza kuibeba mabegani, ila wateja hawabebeki.

Kariakoo inafaa kusomwa sambamba na Magomeni kwa sababu ni mfano wa upande wa pili, mtaa uliojengwa upya bila mradi. Mji huu uligawanywa wakati wa ukoloni katika Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati, na jina lenyewe la Kariakoo linatokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Viwanja vilipimwa kwa ajili ya nyumba ya vyumba sita. Leo juu ya viwanja hivyo hivyo kumesimama maghorofa ambayo chini ni fremu za maduka, katikati ni stoo, na juu ni vyumba vya kupangisha, huku mitaa ikiwa na upana ule ule. Utaratibu unajulikana na kila mtu: familia inatoa kiwanja, mwekezaji anatoa fedha, jengo likiisha wanagawana sakafu. Kwa familia yenye hati hii ni njia ya maana ya kubaki mjini, na sioni sababu ya kuibeza, kwa kuwa bila ubia wengi wao wangeuza kiwanja chote kwa bei ya haraka na kutokomea.

Ila tazama namna kusubiri kunavyogharimiwa katika ubia. Mwekezaji mzoefu hasubiri bure. Jengo likiwa bado na nguzo za miti chini ya zege, mfanyabiashara anayeitaka fremu ya mbele huwa ameshaulizwa kuhusu kilemba, yaani malipo ya kupewa nafasi yasiyohesabiwa kwenye kodi, na wapo wanaokitoa pamoja na kodi ya miaka kadhaa mbele, kwa hiyo mpangaji anayekuja anasaidia kuijenga nyumba ambayo mpangaji aliyeondoka alifukuzwa ili ijengwe. Familia ya mwenye kiwanja, ikiwa imepata mwanasheria mzuri, huandikiwa kodi ya mahali pa kukaa hadi siku ya kukabidhiwa sakafu zake. Wote wenye karatasi wameuwekea muda bei. Asiye na karatasi anaulipia kwa fedha yake ya mfukoni, na hajui kama analipia miezi au miaka, kwa sababu hatarudi.

Pana madhara mengine ya kutougharimia muda huu, na haya yanaua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo likiwa na watu wakifanya biashara ndani, na watu wasiopungua 29 walipoteza maisha. Serikali iliagiza majengo ya eneo zima yakaguliwe. Ukaguzi ni jambo jema, lakini mkaguzi makini atakuta majengo yanayohitaji kufungwa kwa miezi kadhaa, na hapo ndipo ugumu utakapoanza, maana kufunga jengo ni kuhamisha watu, na kwa kuhama kwao hakuna anayewalipa. Mwenye duka atamsihi fundi afanye kazi usiku. Mwenye jengo atakubali, kwa kuwa naye anadaiwa. Nadhani sehemu ya ujenzi wa kubahatisha unaoendelea pale, pamoja na tamaa tunayoilaani kila siku, inatokana na hofu ya muda wa katikati ambao hakuna sheria wala mkataba unaoubeba. Waliokuwa sokoni wanalijua hilo: soko kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, wafanyabiashara wake walitawanywa kwenye masoko mengine na ukarabati ukachukua miaka.

Majirani zetu wa Kenya wamejaribu kuuweka muda huo kwenye karatasi. Katika mradi wa Buxton, kisiwani Mombasa, ambako nyumba za zamani zipatazo 520 za kaunti zilipisha nyumba mpya zaidi ya 1,800, kila kaya ilipangiwa shilingi za Kenya 240,000 za kupanga kwingine, ambazo ukizigawanya ni 10,000 kwa mwezi kwa miaka miwili. Nairobi, katika mtaa wa Pangani, wapangaji wa nyumba 48 za zamani walipangiwa 600,000 kila mmoja. Sisemi kwamba miradi hiyo haikuwa na malalamiko. Baadhi ya wapangaji wa Buxton walikwenda mahakamani kuupinga, na hoja yao haikuwa ndogo: nyumba mpya ni za kuuzwa, na fedha za kupanga kwa miaka miwili hazimfanyi mpangaji wa manispaa kuwa mnunuzi. Hata hivyo tofauti ipo na ni kubwa, kwa kuwa ukishaandika kiasi na idadi ya miezi, mwezi wa ishirini na tano unakuwa na mtu wa kuulizwa.

Pangani yenyewe inajua maana ya kuhamishwa bila hesabu hiyo. Kijiji cha Waafrika kilichokuwa hapo kilibomolewa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wakaelekezwa Pumwani na kwenye nyumba mpya zilizojengwa karibu yake. Husimuliwa kwamba walipouliza habari za kuhama waliambiwa ni shauri ya moyo wao, na ndiyo asili ya jina la mtaa wa Shauri Moyo ambalo madereva wa matatu hulitaja hadi leo bila kulifikiria.

Dawa ninayoipendekeza haina ugeni. Ni kujenga kwa zamu. Karibu kila eneo la kota lina sehemu iliyo wazi, uwanja, karakana iliyokufa au kiwanja cha taasisi ya umma jirani. Jengo la kwanza lisimame hapo, kaya za safu ya kwanza zihamie kwa miguu, na baada ya hapo safu yao ivunjwe ili jengo la pili lisimame. Katika utaratibu huo mtoto habadili shule, na mama lishe huhamisha masufuria kwa umbali wa mita mia mbili. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mradi ukikwama, kama miradi inavyokwama, unakwama ukiwa na watu ndani ya nyumba. Pale Magomeni mradi ulikwama ukiwa na uwanja mtupu, na uwanja mtupu haumnyimi usingizi mtu yeyote mwenye saini.

Najua majibu ya wahandisi na watu wa fedha, na si ya kupuuzwa. Kujenga kwa zamu ni ghali zaidi, winchi hukaa eneo la kazi muda mrefu, mabomba ya maji machafu ni rahisi kuyapanga upya mara moja kuliko vipande vipande, na mwekezaji anataka akabidhiwe kiwanja kikiwa kitupu. Yote ni kweli. Lakini gharama hiyo ya ziada haizaliwi na zamu, ilikuwepo tangu mwanzo. Mradi unaovunja kwa mkupuo huigawa kwa kaya mia sita, kila moja ikibeba kipande chake cha kodi ya miezi sita, nauli ya daladala mbili na mteja aliyepotea, kisha vitabu vya mradi vinaonekana visafi. Ukiiingiza ndani ya vitabu, kama kanuni za mwaka 2001 zinavyofanya kwa mwenye ardhi, tutaanza kulinganisha vitu vinavyolingana. Pengine katika maeneo fulani bado itaonekana ni nafuu kuhamisha wote mara moja, na sitapinga, mradi wanaohamishwa wamelipwa kwa miezi halisi, na malipo yaendelee hadi siku ya ufunguo.

Kuna hoja nyingine ambayo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba hata wakirudi, masikini hawatakaa, watauza au watapangisha na kurudi pembezoni. Wakazi wa Magomeni walielezwa kwamba baada ya miaka ya bure wangeweza kuzimiliki nyumba kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi, na bila shaka maisha ya ghorofani yana bili zake, kuanzia pampu ya maji hadi usafi wa ngazi, ambazo nyumba ya chini haikuwa nazo. Inawezekana kabisa kwamba baadhi watauza siku watakapoweza. Mimi sioni kashfa hapo. Mtu aliyeishi miaka thelathini mahali ambapo jiji limekuja kumkuta, akauza kwa bei ya jiji na kwenda kujenga Kivule kwa hiari yake, hafanani na aliyesombwa na kirikuu kwenda Kivule bila chochote, ingawa wote wawili leo wanakaa Kivule.

Mwaka jana nilipita mtaa wangu wa zamani. Jengo limekamilika, lina ghorofa saba, na pale palipokuwa na baraza pana fremu mbili zinazouza mapazia. Nilimuuliza kijana aliyekuwa akishusha mzigo kama anamfahamu fundi cherehani aliyekuwa akikaa hapo, akasema hapana, ila akanielekeza kwa mafundi wa ghorofa ya tatu. Sikumkuta. Aliyekuwepo alinieleza bila kinyongo kwamba nafasi yake, ambayo ni ya meza moja na cherehani moja, aliilipia kodi ya mwaka mzima kabla jengo halijawekwa madirisha.